Ghorofa ya Mwisho na Hina Mbichi

Mtu asinidharaulie ile gemu. Nikiisema mimi ni sawa, nimekaa nayo miaka. Lakini atoke mtu huko na simu yake ya juzi aniambie ni takataka, wallahi tutakosana.

Na kusema nitaisema. Ni gemu ya zamani, ya kupanda na kurukaruka, ya zile mashine za sidi ambazo siku hizi hata mafundi hawazitaki. Mjomba wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja kule Kikambala. Hoteli ilipotoa vitu vya chumba cha watoto ili iweke vipya, mjomba akatuletea mashine hiyo Malindi ndani ya kikapu, imezongwa taulo. Sidi ilikuwa moja tu. Ndani yake kuna kijitu kimevaa joho, kimeshika taa, na kazi yake ni kupanda jumba bovu ghorofa baada ya ghorofa mpaka juu kabisa, kikaitundike taa. Hakuna hadithi nyingine. Mimi hilo ndilo lililonivuta, kwamba gemu haikupigii domo. Inakupa taa na ngazi, inakuachia kazi.

Tena ilikuwa nzuri, jamani. Kila ghorofa ina rangi zake na ngoma yake. Kuna ghorofa ya mvua, maji yanachuruzika ukutani, na mara nyingi nilikuwa napunguza sauti ya tivi nisikilize kama nguo zangu hazirowi kambani. Ukipapasa kuta unapata milango iliyofichwa, na nyuma ya kila mlango kuna kitu cha kukufurahisha, hata kama ni dirisha tu la kutazamia chini ulikotoka. Aliyetengeneza vile hakuwa mvivu.

Lakini kasoro? Lo! Unabonyeza kitufe cha kuruka, kijitu kinafikiri kwanza, ndipo kiruke. Picha nayo ina tabia mbaya ya kugeuka na kujificha nyuma ya nguzo wakati hasa unapotaka kuona mguu utatua wapi. Maadui ni wale wale, wanabadilishwa nguo tu. Na kubwa kuliko yote, haiweki kumbukumbu. Ilitaka memori kadi, na kadi haikuja na kikapu. Kwa hiyo stima ikipotea, umerudi chini mlangoni. Na stima ya hapa kwetu mnaijua. Mara ngapi nimefika juu, pu, giza, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Kaka yangu, ambaye ni fundi wa simu mjini, aliwahi kufika ghorofa ya mwisho. Pale kuna shimo pana, na katikati yake jiwe linakwenda na kurudi. Ukilikosa jiwe umekwisha, unaanza ghorofa upya. Kaka alianguka jioni nzima, mwisho akaitupa padi, kile kishikizo cha vitufe, juu ya kochi. Akatoa hukumu yake ya kifundi: sidi imekwaruzika, shimo lile halivukiki.

“Litavukika,” nikamwambia.

“Na nani? Wewe?”

Alicheka. Ningemsamehe maneno yote, lakini hicho kicheko kilinikaa kooni.

Ikapita miaka, nikaposwa na mtu wa Kilifi. Kwetu msichana akikaribia kuolewa huwekwa ndani. Hatoki, haoni jua, anasingwa liwa, ule unga wa msandali, mpaka ananukia nyumba nzima, na somo wake anamfundisha mambo ya unyumba. Somo wangu alikuwa shangazi, mwanamke mkali, mdomo mtupu. Alidhani kanifunga. Mimi nikaona nimefunguliwa, maana lini tena mwanamke mzima atapewa siku za kukaa kitako bila kuulizwa chai iko wapi? Nikaiwasha mashine na sikuizima tena. Wakati wa somo nilizima tivi tu, mashine ikaendelea kunguruma chini ya meza, na nikatangaza kwamba atakayegusa swichi ile asinione harusini kwake wala mimi nisimwone kwangu. Stima, Mungu ni mkubwa, ikakaa.

Hivyo siku ya hina ilinikuta ghorofa ya mwisho. Asubuhi yote nilijaribu, nikaanguka, nikajaribu, nikaanguka. Mpaka hina, yule mwanamke wa kupamba mikono, akaja baada ya adhuhuri na bakuli lake, nikampa mikono bila kufikiri. Nilijiambia nitaendelea akishamaliza. Na mimi ni mtoto wa mji huu! Nimewaona mabibi harusi wangapi wakilishwa kwa kijiko na kukunwa pua na dada zao kwa sababu mikono ina hina mbichi? Nikajisahau mwenyewe. Maua yalipofika kwenye viganja ndipo nikaitazama ile padi kochini, nikakumbuka shimo.

Hapo hapo kaka akachungulia mlangoni. Baada ya alasiri, akasema, atakuja kuchukua meza na tivi na kuchomoa mashine, wanawake wanataka umeme wa pale kwa spika zao za ngoma. Kesho yake naondoka kwenda Kilifi. Ina maana ilikuwa saa hiyo au basi tena, na mikono sina.

Nikaanza kulia.

“Ebo!” shangazi akasema. “Bi harusi mzima unalilia kijitu cha tivi? Mume umepata!”

“Mume sikatai. Nataka nivuke lile shimo nikiwa kwetu.”

Mama alikuwa anapita na chetezo cha udi. Yeye hakuwahi kuigusa mashine ile maishani. Aliisikia tu kutoka jikoni, miaka yote, akikuna nazi. Akaweka chetezo chini, akapangusa mikono kwa leso, akaketi mkekani mbele yangu, akaishika padi juu chini.

“Haya. Niambie.”

“Na wageni je?” shangazi akauliza.

“Watakula. Mwanangu anaondoka.”

Nikamwelekeza kwa mdomo aigeuze, maana kwa mkono siwezi. Nikamwonyesha kwa kidevu kitufe cha kwenda na cha kuruka. Akaanguka. Akasema Bismillahi, akaanguka. Mimi kichwa kikaanza kunichemka.

“Kushoto, mama! Kushoto!”

“Kushoto kwangu au kwake?”

“Kwenu nyote! Mmetazama upande mmoja!”

“Basi usinipigie kelele, mimi ndiye niliyekuzaa.”

Mpaka hina akanipiga goti. Ua likiharibika, alisema, harudii, na watu wa Kilifi wataniona na kiganja kama cha muuza mkaa. Nikatulia kidogo. Mama akaanguka tena, akakigombeza kile kijitu: “Na wewe, nikikwambia ruka unangoja nini?”

Shida ilikuwa ile ile iliyomshinda kaka, na mimi pia. Sote tulingoja tulione jiwe. Ukiliona umechelewa, na picha ikigeuka hulioni kabisa. Nilikuwa nataka kumwambia mama basi, aache, Mungu hakutaka. Nikaangalia chini ili nisimwonyeshe macho, na nikauona mguu wake.

Mama yangu ni mpiga vugo. Zile pembe za nyati ambazo wanawake hupiga harusini, yeye ndiye anayeongoza, na akikosea yeye, safu nzima imekosea. Mguu wake ulikuwa unapiga mkeka kwa ngoma ya ghorofa ile, wala yeye mwenyewe hajijui. Nikainua macho kwenye tivi, nikaurudia mguu. Jiwe lilikuwa linarudi na pigo la mwisho. Kila mara. Miaka yote ile lilikuwa linaingia na ngoma, na sisi tumekodoa macho kama viziwi.

“Mama, usitazame.”

“Nisitazame?”

“Fumba macho. Nipigie hiyo ngoma kwa mguu kama unavyoipiga. Pigo la mwisho liachie jiwe. Wewe bonyeza pigo moja kabla, kwa sababu huyu mvivu anafikiri kwanza.”

Akafumba macho. Akaanza kuvumisha wimbo ule chini kwa chini, wimbo wa gemu, na sauti ilikuwa ile anayokunia nazi. Mpaka hina akainua mkono wake kiganjani mwangu. Mguu ukapiga, ukapiga, na mama akabonyeza.

Kijitu kikafikiri. Kikaruka. Picha, laana yake, ikageuka nyuma ya nguzo, tukabaki tunatazama weusi wa nguzo. Halafu ikarudi polepole, na kijitu kimesimama ng'ambo, kinatikisa joho lake, kinaitundika taa.

Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni shangazi. Naapa.

Gemu yenyewe, kumbe, haikuwa na karamu ya kutoa. Jumba likang'aa, yakaja maneno machache, na picha ikatulia pale. Mama akafumbua macho, akangoja.

“Ndiyo basi?”

“Ndiyo basi, mama.”

“Mabahili hawa,” akasema. Kasoro hiyo nayo naiandika, kwa niaba yake.

Alasiri ikaadhiniwa, kaka akaingia kuchukua tivi. Akaona taa juu, akaona padi mkononi mwa mama. Akatazama huku, akatazama huku, waya umemning'inia begani.

“Mama! Umevuka wewe?”

Ningemwachia mama ushindi huo, kwa moyo wangu wote. Angesema ndiyo, ningepiga kigelegele cha pili. Miaka niliyoililia gemu ile nisingeiona kuwa imepotea.

“Dadako kavuka,” mama akamjibu, akaiweka padi mkekani. “Mimi nilikuwa mikono tu.”

Kaka hakucheka. Aliniambia, “Hongera, dada,” kisha akainama kuchomoa waya. Nilijisikia mrefu kama nyumba. Nilitaka kumkumbatia mama, lakini hina ilikuwa bado mbichi, na mikono nimeiinua juu kama mtu aliyekamatwa. Akaniambia nitulie hivyo hivyo, nisiharibu maua. Akanikumbatia yeye.