Saiprasi Ndani ya Bakuli

Nilirudi nyumbani kutoka kwa mume mwanzoni mwa miaka ya sabini, na sanduku na cherehani, bila mtoto. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba alinipokea bila maneno mengi; alihitaji mtu wa kumpikia. Nikapewa jiko la mama nilale humo. Shamba letu la Nyamira lilikuwa mteremko wa chai na migomba mpaka mtoni, na ndani yake sikuruhusiwa kupanda mti hata mmoja. Mboga, sawa. Mahindi, sawa. Lakini kwetu anayepanda mti amesema ardhi ni yake, na binti aliyerudi hana la kusema juu ya ardhi. Kaka yangu alinikumbusha hayo kabla hata hajaniuliza habari za safari.

Siku za soko nilikuwa nikishona mapindo ya nguo kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini Kisii. Mwenye duka, mama mmoja Mhindi, alikuwa na mkuyu mzee usiozidi urefu wa mkono, umeota ndani ya sahani ya udongo. Nilimwuliza kama umelogwa. Akacheka, akanieleza kwamba mti hukubali kubaki mdogo ukipunguzwa matawi na mizizi kwa subira. Nikaenda kung'oa mche wa saiprasi uliojiotea kando ya ua. Haukupandwa na mtu, na mimi sikuupanda shambani. Nani angenishtaki? Bakuli nilinunua kwa mchongaji aliyeleta vitu vyake vya mawe kutoka Tabaka. Nilipomwomba alitoboe tundu chini, aliniuliza uji wangu utakaa wapi.

Nilianza kwa kuuharibu. Sisi watu wa chai mkono wetu unajua jambo moja tu: mche ukate chini, utachipua na kupanuka mpaka uwe bapa kama meza. Nikayakata matawi ya saiprasi vivyo hivyo, nikaacha vijiti vitupu, nikangoja. Hakikuchipua kitu. Upande mmoja ukakauka wote. Mwenye duka akaniambia kwamba chai husamehe, lakini tawi la saiprasi ukilivua kijani chote limekwisha, halirudi tena. Siku hiyo nililia njia nzima, wala si kwa ajili ya mti.

Aliyenishangaza ni baba. Jumapili moja alinikuta nikizungusha waya kwenye tawi lililobaki, akakaa, akaupokea ule waya. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kwato, lakini alilipinda lile tawi polepole bila kulivunja. Ikawa kazi yetu ya Jumapili. Nikamfundisha na mizizi: utoe udongo kwa kijiti, ukate ile minene, uache ile myembamba inayokunywa maji. Aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, na nikikaa naye hivyo niliamini kabisa kwamba atanikatia kipande cha shamba, hata kama ni cha kibanda na kaburi tu.

Siku ya kugawa shamba wazee waliitwa, nami nikawapikia. Walipokwisha kula nilisimama mlangoni nikaomba sehemu yangu. Kaka peke yake ndiye aliyenijibu.

"Wewe shamba lako liko kwenye bakuli," akasema.

Wazee wakacheka. Baba akatazama chai yake.

Basi nikaubeba mti wangu, nikateremka nao hadi karibu na mto, nikachimba shimo mchana kweupe na kuupanda, wote wakitazama. Kisha nikarudi kuosha sahani zao. Nilikuwa na hasira, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Nilingoja mtu aje kuung'oa. Hakuja mtu. Masika yakaingia, mti ukanenepa, ukatoa matawi marefu ya ovyo ambayo sikuyagusa. Kila nilipokwenda kuteka maji nilisimama hapo kidogo. Kimya cha baba nilikichukua kuwa ndiyo yake. Nilikuwa nimeshachagua hata mlango wa nyumba yangu utazame wapi.

Mvua zilipokatika, baba alikuja jikoni asubuhi ameshika bakuli kwa mikono miwili. Saiprasi ilikuwa ndani, imesimama wima, udongo umeshindiliwa na kumwagiwa maji. Kaka hakuhusika. Baba mwenyewe ndiye aliyeuchimbua.

"Mama," akaniambia kwa upole, "ulikuwa umeanza kushika kule chini."

Akauweka kizingitini, akaenda kuchuma chai. Nilipoteremka mtoni nikaliona shimo limefukiwa, na vipande vya mizizi vimelala kando yake. Alikuwa amekata ile minene tu, jinsi nilivyomfundisha.