Jaa la Mama Mkwe

Naikumbuka asubuhi ile kama ya leo, mwanangu. Nilikuwa mke mgeni hapa Ruaruke, nimeolewa kutoka Mbwera, kule deltani kwenye maji, najiona fundi wa usafi.

Nyuma ya jiko mama mkwe alikuwa na jaa lake: mabua ya mpunga, samadi ya mbuzi, maganda ya ndizi, mabibo yaliyooza. Aliniahidi kwamba mbolea ile ikitoka vizuri, atanikatia kipande cha bonde nilime mboga zangu mwenyewe. Nilikitaka kile kipande, wacha we!

Basi natoka nje, naona jaa linafuka. Yarabi! Nikadhani linaungua. Nikalimwagia ndoo sita za maji, kisha, ili kukata harufu, chupa nzima ya dawa ya kusafishia choo. Nikanawa mikono, nikanyamaza. Mficha uchi hazai, lakini ujana una kiburi. Siku ya tatu jaa likanuka kama yai viza, hata jirani akafunga dirisha.

Mama mkwe akachomeka kijiti katikati ya jaa, akakichomoa, akakishika. Baridi. Akaniuliza, nikakiri.

"Ule ni mvuke, si moshi! Humu mna vijidudu vinakula taka, na vikila vinatoa joto. Wewe umevizamisha, halafu ukavipa sumu. Nyie wa Mbwera mmezoea maji, hata jaa mnataka lielee?"

Nikalia. "Na kipande changu, mama?"

"Kimo humo humo ulimozamisha. Kakifufue."

Nikashika jembe. Nililipindua jaa lipate hewa, nikachanganya mabua makavu na samadi mbichi iliyojaa vijidudu vipya. (Bwana shamba wa siku hizi anaviita bakteria, haya, na aviite.) Baada ya wiki mbili mama akachomeka kijiti tena, akanipa mimi nikishike. Moto! Nikakiachia, naye akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Hakusema pole wala hongera. Alisema, "Twende bondeni ukachague."

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayechoma taka kila jioni, au kuzifunga kwenye mfuko ukazitupe kando ya barabara ya Kibiti, nisikilize. Usilolijua ni usiku wa giza: usiue kitu kabla hujauliza kazi yake. Lipe jaa hewa, unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na siku zake. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo.

Mungu akupe ardhi yenye rutuba, na mama mkwe mkali kama wangu.