Fundi wa Kusikiliza Kuta

Miaka ile wakimbizi walipojaa kambi ya Lukole, wageni wenye pesa waligombea nyumba kongwe za Ngara mjini, zile za jirani na soko, na hawakununua bila kumwita kwanza fundi mwashi mmoja. Alikuja na nyundo na misumari ya inchi sita. Kila mara alivua kofia, akalaza sikio ukutani na kugonga taratibu kwa kidole kilichochubuliwa na saruji, kama mtu anayebisha hodi. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata akikasirika.

Kwenye nyumba ya Bibi Auleria, mjane aliyekuwa akiuza, mnunuzi alimvuta fundi pembeni. “Mwambie kuta zimeoza. Atashusha bei, na wewe sitakusahau.” Fundi aliingia, akamwamkia bibi shikamoo, akausikiliza ukuta. Plasta ilikuwa imebanduka vibaya, lakini mawe ya ndani yalikuwa yameshikana. Akapigilia msumari mpaka ukapinda, kisha akamkabidhi mnunuzi nyundo na msumari mwingine.

“Piga na wewe.”

Mnunuzi akacheka kidogo.

“Piga, bwana. Bibi anaangalia.”

Alipiga hadi jasho likamtoka, na msumari wa pili nao ukapinda.

“Nyumba mbovu naibomoa kwa sururu,” fundi alisema, kwa sauti ileile ndogo. “Hii unataka niibomoe kwa mdomo. Kazi hiyo sikujifunza.”

Akamwekea bibi misumari yote miwili kiganjani. “Akija mwingine kukupangia bei, mwonyeshe hii kwanza.”