Uzi Mwekundu wa Dobi

Dada yangu ni dobi, na kama hujawahi kuishi na dobi, shukuru. Mtu huyu hupiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vumbi. Ukiinuka kwenye kiti chake, mto unanyooshwa kabla hujafika mlangoni. Mtaani wanamwita Bi Mkunjo, naye analichukulia kama sifa.

Aliolewa na fundi simu, na kilichomvuta ni meza yake ya kazi. Simu ya dada ilitumbukia kwenye beseni la sabuni, akaipeleka kwa fundi, akakuta skurubu zimepangwa kwa ukubwa na bisibisi zimelala mstari mmoja. Alirudi nyumbani akaniambia, "Nimempata." Nikadhani amepata simu nyingine.

Miaka yote shemeji alikuwa nadhifu kuliko sisi. Mwaka huu akaanza kuachia vitu. Kwanza soksi. Kisha kikombe juu ya kabati la nguo, sahani chini ya kitanda, taulo bichi juu ya mto. Ndevu zikaota zitakavyo. Kibanda chake cha simu alikifungua akijisikia, na siku nyingine hakukifungua kabisa. Nikiwatembelea na kumuuliza, ananijibu, "Nimechoka kidogo tu, shemeji." Alikuwa akilala sana na kuamka amechoka vilevile.

Dada hakuona uchovu, aliona dharau. "Mimi nifue nguo za mji mzima, halafu mume wangu anivulie shati sakafuni? Huyu ananitukana mimi na kazi yangu." Nikamwambia pengine mwenzake ana jambo moyoni. Akanijibu niolewe kwanza ndipo nimfundishe ndoa. Iliniuma, na yeye alijua itaniuma.

Akagoma, tena akagoma kidobi. Kazini kwake, nguo yenye doa sugu au iliyochanika hufungwa uzi mwekundu, isichanganywe na nyingine, ishughulikiwe peke yake. Basi akaja na uzi wake nyumbani. Chochote alichokiacha shemeji ovyo, hakukiokota, alikifunga uzi mwekundu. Soksi, uzi. Kijiko, uzi. Siku shemeji aliposahau ganda la ndizi juu ya redio, na lenyewe likafungwa, kwa fundo maridadi kabisa. Alitaka mume ayaone makosa yake, aone haya, aombe radhi. Asipoomba, dada aliapa kufunga virago na kurudi kwetu. Kwa kuwa kule kwetu chumba chake nakilalia mimi, niliiombea sana ndoa ile.

Shemeji alipita katikati ya nyuzi zile kama mtu anayekwepa madimbwi. Aliyeteseka ni dada mwenyewe. Nilimfumania jikoni amejificha, anapanga vijiko kwenye droo kwa siri.

Mwisho akamwita mama mkwe aje ajionee mwanawe. Mama huyo hana mzaha. Alivua viatu mlangoni, akaitazama sebule, akavivaa tena.

"Mwanangu," akamwambia dada kwa upole wa kutisha, "nani anamroga mwanangu?"

"Hakuna anayemroga, mama. Huu ni uzi wa kazini."

"Ganda la ndizi limefungwa uzi mwekundu, halafu unaniambia kazini."

Dada akaeleza habari ya madoa, nguo zilizochanika, udobi wote toka mwanzo, huku mama mkwe akirudi nyuma kidogo kidogo mpaka akakalia sahani. Nilicheka nikafukuzwa nje, nikarudi kwa mlango wa nyuma.

"Mwenyewe yuko wapi?" mama akauliza.

Alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Ndivyo dada alivyomwacha alipokwenda kazini asubuhi. Dada akaingia na hotuba yake. Alikuwa ameifanyia mazoezi, mimi nikiwa mume. Alipofika pale pa "hebu jitazame ulivyo," akamtazama yeye, akakwama. Shemeji alikuwa na uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono.

"Huo sikuufunga mimi," dada akasema.

"Nimejifunga mwenyewe. Umefunga kila chenye shida humu ndani. Mimi ukanipita."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Shemeji akaendelea, macho kwenye soksi. "Naviona vyote. Kila siku najiambia leo nitaokota. Nashika kimoja, siku inaisha. Hata skurubu zinanichanganya siku hizi. Sijui nina nini."

Dada akakaa sakafuni, juu ya shati, wala asilinyooshe. Hapo nikajua mambo ni mazito. "Mimi nilidhani hunitaki tena," akasema, akalia.

Mama mkwe akajipangusa makombo ya ile sahani. "Mdogo wangu alikuwa hivi hivi," akasema. "Tukawaambia watu ana malaria, mwaka mzima, malaria. Alipona baada ya kumwona daktari wa mambo ya akili. Inukeni twende."

Kiatu kimoja cha shemeji hakikuonekana. Tulipekua kila mahali, na katika nyumba ile kila mahali palikuwa pengi. Shemeji akarudi kukaa kitandani. "Basi, tutaenda siku nyingine," akasema. Dada akamtazama, nikaona ameelewa kwamba siku nyingine haitafika. Akapiga magoti, akamvika kiatu cheusi mguu wa kulia na ndala ya bluu mguu wa kushoto, akamwinua.

Tukatoka hivyo, mchana kweupe. Kwenye kona tukakutana na mteja wa dada, mama mmoja wa nguo za hariri na maneno mengi. Akamkagua shemeji kuanzia ndevu mpaka ndala.

"Bi Mkunjo," akasema, "na huyu nani?"

"Mume wangu," dada akajibu, akamshika mkono, wakavuka barabara.