Mwaka Mchwa Walipopanda Mti wa Krismasi

Wenzangu tuliokula chumvi nyingi, hebu niambieni, nani kati yetu utotoni alipata kuuona mti wa Krismasi wa dukani? Siku hizi wajukuu zangu wanautoa kwenye boksi, wanaukunjua kama mwavuli, wanachomeka waya ukutani, na mti unaanza kumetameta. Nikiwaambia kwamba sisi mti wetu tuliukata na kuuchimbia shimo ndani ya nyumba, wanacheka mpaka wanajishika mbavu. "Bibi, shimo sebuleni?" Ndiyo, sebuleni. Saruji tungeitoa wapi? Wacha wacheke. Shimo lile ndilo lililomvunja moyo mama yangu, lakini hilo sijawahi kuwaambia.

Tulikaa Vihingo, upande wa Kisarawe, miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, paa la makuti, sakafu ya udongo uliopondwa ambayo mama aliisiriba kila Jumamosi. Desemba ilikuwa na harufu yake: mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mikorosho, maembe, ardhi iliyolowa mvua za vuli. Tulicheza rede mpaka tunaitwa kwa kupigiwa kelele. Na kila mtoto wa kike alikuwa na kazi ya kubomoa kichuguu, kukung'uta mchwa kwenye kifuu na kuwapelekea vifaranga. Kuku aliyekula mchwa ananona upesi, hilo tulilijua kabla hatujajua kusoma. Watoto wa leo kuku wanamjua akiwa kwenye sahani pamoja na chipsi.

Sasa, mama yangu. Alizaliwa Mbwawa, Kibaha, nyumba ya Kiislamu, akaitwa Mwajuma. Akampenda mwalimu wa misheni, akabatizwa, akawa Marta. Babu yangu, baba yake, hakumfukuza. Kila Idi tulikwenda Mbwawa, tukala biriani yake mpaka matumbo yakauma, na mimi akaniita "mchumba" na kunitania meno yangu yaliyong'oka. Lakini kwetu hakukanyaga. Miaka minane mama alipika Krismasi na Pasaka, na kila mara alisimama mlangoni akitazama njia ya kutokea Kibaha. Baba yake alikuwa hajawahi kula chakula cha mkono wake tangu aolewe. Mama alilia kwa hilo waziwazi, mbele yetu, huku akipepeta mchele.

Mwaka huo babu akakubali. Alimtuma mjomba na masharti mawili: kuku awachinje yeye mwenyewe kwa mkono wake, na chungu kiwe kipya, hakijapikiwa kitu. Loo, mama alivyoruka! Alikwenda kununua vyungu viwili, kimoja cha akiba. Akachagua kuku wanne, mitetea mitatu na jogoo mmoja mwekundu, akawafunika kwenye tenga nyuma ya nyumba ili wasile uchafu, akawalisha pumba na maji safi. Akaniambia, "Rehema, kuku hawa ni wa baba yangu. Usiwafungulie hata kidogo." Nikaitikia.

Baba naye alitaka mkwewe akute nyumba imependeza. Akakata mvinje mchanga kwenye uwanja wa misheni, akaubeba kwa baiskeli, akachimba shimo sebuleni, akauchimbia kama nguzo. Tuliupamba kwa minyororo ya karatasi za madaftari. Ulipendeza sana, siwezi kudanganya. Lakini shimo lilikuwa limetoboa njia ya mchwa. Siku ya tatu tukaona kijifereji cha udongo kinapanda kwenye shina. Siku ya nne mchwa wamekula minyororo yote ya chini na wameanza kuuelekea ukuta, kwenye fito. Mama akamwaga majivu. Akamwaga maji ya moto. Akaomba mti ung'olewe. Baba akasema, "Baba mkwe aje akute shimo katikati ya nyumba? Niachie mimi." Asubuhi ya siku ya kuamkia Krismasi, mama akiwa kisimani, baba alirudi kutoka kwa rafiki yake bwana shamba na mfuko mdogo wa karatasi. Akanyunyiza unga mweupe juu ya matawi, kwenye shina, na kulizunguka shimo lote.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Shuleni tulikuwa na kadi za Krismasi zilizotoka Ulaya, na baba ndiye aliyetufundisha kwamba ile nyeupe juu ya miti inaitwa theluji, nayo ni mvua iliyoganda ikawa kama unga. Basi nilipouona mti wetu umekuwa mweupe nilijua baba katuletea theluji. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Baba akasema, "Mti huu asiuguse mtu," akapanda baiskeli kwenda kufundisha kwaya. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Wajukuu zangu huwa nawagombeza kwa "kwa nini, bibi, kwa nini?" zao zisizoisha. Sisi tulilelewa kunyamaza mkubwa akisema, na tunajisifia mpaka leo. Laiti ningeuliza siku ile mara moja tu.

Baada ya muda mchwa wakaanza kudondoka. Walianguka wengi, wanene, wakajaa sakafuni. Nikaona ni chakula kinachopotea. Nikafikiri: babu anakuja leo, kuku wake wanakula pumba, na hapa kuna mchwa tele. Mti sitaugusa, nimekatazwa. Lakini kuku watakula vya chini tu. Nilitaka babu ale kuku aliyenona, aseme mama anajua kufuga. Nikawaingiza wote wanne ndani, nikafunga mlango. Walidonoa mpaka sakafu ikabaki safi. Nikawarudisha kwenye tenga, na mama aliporudi na ndoo kichwani akanikuta nafagia, akanisifu.

Babu alifika baada ya adhuhuri, kanzu imejaa vumbi, maana alikuwa amelala njiani kwa ndugu zake. Mama alimpokea fimbo, akapiga magoti pale pale uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwajuma. Nimefika kwako, mwanangu."

Mama akajifunika uso kwa khanga. Sikuwahi kumwona mtu akifurahi namna ile, na sijamwona tena. Babu akaniita, "Mchumba, meno yameota?" Nikacheka. Akanawa, akaomba kisu, akakijaribu kwa kidole gumba, akauliza kuku wako wapi.

Nilikwenda mwenyewe kufunua tenga. Jogoo alikuwa amekwisha kufa. Mtetea mmoja alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda, miguu inatetemeka. Wale wawili walikuwa wanayumba, udenda mweupe unawatoka mdomoni.

"Baba, chinja! Wahi, baba, chinja!" Mama alimkamata mmoja na kumsogeza mbele ya babu kwa nguvu. Babu hakukiinua kisu. Alimtazama kuku, akamtazama mama.

"Huyu kala sumu, Mwajuma. Mmewapa nini?"

"Pumba tu, baba! Wallahi pumba!" Mama aliapa kwa kiapo cha kwao bila kujijua.

"Na mimi ningemla," babu akasema taratibu. "Ningechinja, ungepika, ningekula."

Ndipo baba akatokea na baiskeli yake. Alipoona kuku akashika kichwa. "Jamani, nani kawafungulia? Nimetia dawa kwenye mti!" Alikuwa anasema kweli, maskini, lakini kweli yenyewe ilisikika vibaya. Mwalimu katia sumu ndani ya nyumba siku mkwewe anakuja kula. Mama akamgeukia baba, naye baba akanigeukia mimi. "Rehema, umewafungulia wewe?" Nilikuwa na miaka saba. Nikasema sikuwafungulia. Nikasema mlango ulikuwa wazi na tenga nililikuta limeinuka.

Babu akakilaza kisu juu ya kigoda, akachukua fimbo yake. Hakutukana, hakuinua sauti. Alisema, "Lahaula," akaanza kuondoka. Mama alimfuata njiani na chungu kipya kina maji, akimwomba anywe japo funda moja, japo anawe tu. Babu alimwambia, "Rudi kwa watoto wako, mwanangu." Maji hakuyanywa.

Mbwawa maneno yalikwisha kufika kabla ya mwaka mpya: mwalimu alitaka kumwua mkwewe. Babu hakuyasema yeye, nadhani, lakini hakuyakanusha. Masika yalipoingia akafariki. Tulikwenda msibani, na mama alipotaka kuosha vyombo, shangazi zake walimwondolea sahani mkononi. Mti wenyewe baba aliung'oa siku ile ile babu alipoondoka, akalifukia shimo, na hatukuwa na mti tena. Yeye na mama waliishi nyumba moja miaka mingine thelathini, wakilishana na kuuguzana, lakini mama hakumcheka wala kumtania tena. Aliamini ni uzembe wa baba. Baba aliondoka duniani na lawama hiyo.

Siku hizi Krismasi nyumba yangu inafurika. Watoto wa wajomba wanatoka Mbwawa na Kongowe, wamevaa kanzu na baibui, mmoja wao anachinja kuku, tunapika kwenye masufuria yale yale ya kila siku, wanakula pilau na kupiga picha mbele ya mti wa plastiki. Hakuna anayeuliza chungu ni cha nani. Vijana wanasema wazee wa zamani walijitia ugumu bure. Pengine kweli. Kwao kukaa meza moja ni jambo la kawaida, na mimi nikiwatazama wanavyong'ang'ania paja la kuku nashindwa kula.

Mama alimalizia siku zake kwangu. Wiki ya mwisho aliniuliza, akili zake zote zikiwapo: "Rehema, nikikutana na baba yangu huko niendako, nitamwambia nini?"

Nilikuwa nimemshika mkono. Tulikuwa wawili tu chumbani. Ningeweza kumwambia. Nilimfuta mdomo, nikampa kijiko kingine cha uji.