Nilivyostaafu Usomi Mkumbi

Niliajiriwa kuwa msomi wa kitongoji chetu, huku Mkumbi, nikiwa kidato cha pili, bila barua wala mshahara. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, sikieni kazi ilivyokuwa enzi zetu, yaani mwaka jana.

Mwalimu wa Historia ndiye aliyenipa wito. "Msomi Mwafrika ni mdomo wa watu wake," alituambia. "Wakoloni walidhani hatuna." Mimi nikabeba mdomo, watu nikawasahau darasani.

Zana ya kazi ilikuwa gazeti, lililotufikia likiwa na umri wa wiki mbili, limefungiwa samaki wa Ziwa Nyasa. Kituo cha kazi kilikuwa sengu, pale wazee wanapokula pamoja na kuamua mambo. Kwanza unasoma. Kisha unachambua: unakunja uso, unakohoa, halafu unasema usiyoyajua kwa maneno ambayo hakuna atakayethubutu kuyauliza maana.

Jumapili moja gazeti likasema wanunuzi binafsi wa kahawa wameruhusiwa. Hayo tu. Nikachambua: "Wazee wangu, soko huria halihurumii zao la kale. Kahawa imepitwa na wakati."

"Mtoto ameiva huyu!" akasema Mwenyekiti, bosi wangu. Nikaongezewa ugali.

Kesho yake, nikienda shule, nikamkuta jirani yetu, Bibi Oliva, ameshika shoka. Mibuni mitatu iko chini, ile aliyoipanda na marehemu mumewe.

"Shikamoo, bibi. Mbona unakata?"

"Marahaba. Si umesema imepitwa? Jumapili utaniambia kama nimalize na iliyobaki."

Wiki ile sikutulia. Nilichonga penseli mpaka ikaisha. Jumapili Bibi Oliva akaja sengu, shoka magotini.

"Haya, msomi, chambua," akasema Mwenyekiti.

"Sijui," nikasema. "Gazeti halikusema imepitwa. Nilisema mimi."

"Hujui? Na ugali wote ule?"

Bibi Oliva akainuka. Nikaangalia njia ya kukimbilia.

"Soma tena," akasema. "Polepole. Usituchambulie."

Nikasoma. Wakaanza wao: mbolea ataleta nani? Mnunuzi asiporudi msimu ujao, tumfuate wapi? Walibishana mpaka ugali ukapoa, na hakuna aliyeniuliza hata neno.

Nikastaafu papo hapo. Siku hizi nasoma tu, wanachambua wao, na mdomo unaniwasha vibaya mno. Bibi Oliva bado hajaamua. Kila asubuhi, kabla ya kengele, napitia kwake kuhesabu mibuni.