Maganda ya Magimbi ya Bibi Yako

Kila nikimenya magimbi, mwanangu, siku moja hunirudia. Vidole vikianza kuwasha, najiona niko tena bondeni kwetu, chini ya mlima Meru, nanusa ule udongo mweusi. Jumapili uliniambia unataka kulikausha bonde lote ulime kabichi. Hukujua kwamba ulikuwa unasema maneno yangu mwenyewe.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa na tabia moja tuliyomcheka sana. Akishamenya magimbi, hujaza maganda kwenye ndoo, hushuka nayo bondeni na kuyamwaga kwenye tope lile lile yalikotoka. Mabua, majani ya migomba, samadi, vyote vilishuka. Ukimuuliza anakwenda wapi, alijibu neno moja tu: "Narudisha." Hata wageni wakiwepo, yeye na ndoo yake! Nilimwonea aibu.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimetoka kukaa mjini kwa shangazi, mtaa wa Daraja Mbili, nimeona jinsi kabichi zinavyogombewa sokoni. Nilitaka cherehani yangu mwenyewe. Basi nikachimba mitaro, maji yakatoka, matete yakakauka. Nikayafyeka, nikayatia moto. Jioni nikajisifu kweli.

Kesho yake moshi ulikuwa bado unafuka, na hapakuwa na tete hata moja lililosalia. Udongo wenyewe ulikuwa unaungua. Sikujua, mwanangu, kwamba udongo wa bonde letu ni majani yaliyooza miaka na miaka, na ukishakauka unashika moto kama kuni. Nilikanyaga, unyayo ukababuka. Nikapiga kelele.

Siku hiyo bibi yako alishuka na jembe, si ndoo. Hakunigombeza. Alifukia mtaro wangu wa juu, maji yakarudi kwenye kona moja karibu na chemchemi, moto usiifikie, akasimama pale, matope hadi magotini.

"Mama, niachie, nitazima mwenyewe," nilisema.

"Umechoma chakula cha shamba," alijibu. "Kwingine lima utakavyo. Kona hii uniachie mimi."

Moto ulipozimika nikapanda, na msimu wa kwanza kabichi zilijaa kweli, maana yale majivu yalizipa nguvu. Nikapata cherehani, nikawa namtazama mama kwa jeuri. Msimu wa pili zikatoka ndogo. Wa tatu nikaongeza mbolea ya dukani. Majani yakawa ya kijani, lakini vichwa havikufunga. Ardhi ilikuwa imepauka, na mvua ikinyesha, maji yalipita juu juu yakaondoka na mbolea yangu. Mama aliendelea kushuka na ndoo kwenye kona yake mpaka miguu ilipomkatalia.

Sikumwomba msamaha mpaka tukamzika. Ninamkumbuka, mwanangu, wakati mwingine nashindwa kula. Hapa mjini Themi maganda huchukuliwa na gari la taka, na kila likiondoka nasikia uchungu.

Bonde nakupa. Ila uanzie kwenye kona ya bibi yako, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki nyeusi, nami si mimi niliyeiokoa, nilizuiwa tu nisiiharibu. Maji ya masika yaache yatuame, yanateremsha rutuba kutoka mlimani. Ukitaka kabichi, inua matuta, usiichane ardhi kwa mitaro mirefu, na ukishavuna tia maharage kabla hujarudia kabichi. Mbolea ya dukani sikukatazi, lakini isiende peke yake bila samadi na majani. Moto usiuingize kule hata wa kuchomea hindi. Na ile sehemu niliyoiharibu, ilishe tu. Pengine utakuwa na mvi kama mimi kabla haijawa nyeusi, hata hivyo ilishe.

Wiki hii gari la taka sikulipatia maganda yangu. Yako kwenye kiroba nyuma ya mlango. Kesho ukishuka, shuka nayo, uyamwage pale nilipowasha moto, useme kwa sauti, "Narudisha." Useme kwa niaba yangu. Mungu aibariki mikono yako, aubariki udongo utakaoushika, na bibi yako huko aliko akusikie, anisamehe.